Mahali pa Kusimama: Ushauri kwa Wanaoanza Kutembelea Makumbusho ya Sanaa ya Chicago

Art Institute of Chicago, makumbusho ya sanaa yaliyoanzishwa mwaka 1879, yana hazina ya kazi zinazokaribia 300,000, ingawa zinazowekwa hadharani kwa wakati mmoja ni sehemu ndogo tu ya hizo. Mwanafunzi wa sanaa anayeingia humo kwa mara ya kwanza aghalabu hupanda ngazi kuu moja kwa moja hadi kwenye michoro ya Kifaransa, akapiga picha mbele ya ile aliyokwisha kuiona vitabuni, kisha akatoka akiamini kwamba ameyamaliza makumbusho yote. Kwa kuwa nimewaona wengi wakifanya hivyo, ushauri wangu wa kwanza unahusu mahali pa kusimama. Kila kazi iliundwa ili itazamwe kutoka umbali fulani na katika mwanga fulani, na mtu anayepita mbele ya zote kwa mwendo mmoja huziona zote nusunusu.

Anzeni, kama mnataka, na mchoro mkubwa wa Georges Seurat, mchoraji Mfaransa, unaoonyesha watu wakipumzika Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte, ambao aliushughulikia kati ya mwaka 1884 na 1886. Turubai yake ina upana wa takriban mita 3 na kimo cha mita 2. Ukiikaribia hadi pale mlinzi anapoanza kukutazama, watu hupotea na kubaki vidoa vya rangi vilivyopangwa kimoja kando ya kingine. Ukirudi nyuma hadi katikati ya ukumbi, jicho lako lenyewe huvichanganya vidoa hivyo na kukurudishia nyasi, maji na miavuli. Nendeni mbele na nyuma mara kadhaa bila kuona haya. Mkiwa karibu, chunguzeni pia sehemu za nyasi zilizopigwa na jua, kwa maana baadhi ya vidoa vilivyokuwa vya njano vimegeuka hudhurungi. Rangi ya njano yenye zinki aliyoitumia Seurat haikudumu, nayo ilianza kubadilika miaka michache tu baada ya mchoro kukamilika. Mnachokitazama, basi, si kile hasa alichokiacha.

Kutoka hapo shukeni hadi orofa ya chini, kwenye vyumba vidogo vya mfano vya Narcissa Thorne, mwanamke wa Chicago aliyeviagiza, ambavyo wasomi wengi huvipuuza wakidhani ni vya watoto. Viko 68, vilitengenezwa na mafundi stadi katika miaka ya 1930 hadi 1940, na kila kipimo ndani yake ni sehemu moja ya kumi na mbili ya kipimo halisi. Hapa kurudi nyuma hakusaidii kitu. Inakupasa kuinama, kusogeza uso karibu na kioo, na kutafuta mwanga unaoingia kutoka kwenye chumba cha pili ambacho huwezi kukiona chote. Binafsi naona kwamba vinafundisha somo la mwanga na nafasi vizuri zaidi kuliko picha nyingi za mafuta zilizoko juu.

Kazi inayohitaji subira zaidi ni nguzo ya baraza iliyochongwa na Olowe wa Ise, fundi Myoruba, kati ya mwaka 1910 na 1914 kwa ajili ya jumba la mfalme wa Ikere, nchini Nigeria. Mfalme ameketi akiwa amevaa taji lenye ndege kileleni, na nyuma yake amesimama mke wake mkuu, mrefu kumpita, mikono yake ikiwa kwenye kiti cha enzi. Ndani ya ukumbi wa makumbusho nguzo hii imesimama peke yake kama sanamu, lakini ilichongwa iwe miongoni mwa nguzo za ua wa jumba, mahali ambapo mwanga wa mchana uliiangukia kutoka upande mmoja na watu walipita mbele yake wakiwa na shughuli zao. Izungukeni pole pole, kisha mjiulize kwa nini mchongaji alimpa mwanamke kimo kile.

Chapa za mbao za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, zina tabia nyingine. Zilitengenezwa zishikwe mkononi, na kwa kuwa rangi zake hufifia kwa mwanga, ukumbi wake huwa na taa hafifu na chapa hubadilishwa mara kwa mara. Msikasirike mkikosa ile mliyoifuata; tazameni zilizopo.

Jambo la mwisho ni kibandiko cha maelezo, ambacho wengi hukisoma mstari wa kwanza tu. Chini kabisa huwa na namba, na tarakimu zake za mwanzo ndizo mwaka ambao kazi iliingia. Kazi ya Seurat ina 1926, ikiwa zawadi ya Frederic Clay Bartlett. American Gothic, picha ya mchoraji Mmarekani Grant Wood, ina 1930, mwaka uleule ilipochorwa, iliponunuliwa kwa dola 300. Nguzo ya Olowe ina 1984. Kutembea kutoka ukumbi hadi ukumbi mkisoma namba hizo peke yake, bila kujali majina ya wasanii, hudhihirisha ni lini matajiri na wasimamizi wa Chicago waliona kitu gani kinastahili kuitwa sanaa.