Jibu: Njia nne zipo tayari, kwa nini wasibadilishe kibao tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini SR 37, barabara ya jimbo la Indiana huko Marekani, ambayo ilikuwa na njia nne za magari tangu zamani, ilibidi ivunjwevunjwe ndipo iitwe I-69, yaani iwe Interstate (barabara kuu ya kasi ya kitaifa). Njia nne siyo shida, shida iko pembeni. Ile 37 ilikuwa na mataa ya trafiki, na mkulima alitoka uani kwake na trekta moja kwa moja hadi kwenye lami, magari yakija na maili 60 kwa saa. Interstate haitaki hilo. Unaingia na kutoka kwa rampu tu, yaani vibarabara vya kuungia pembeni. Kwa hiyo kila njia panda ama inajengewa rampu, ama inapitishwa darajani, ama inafungwa kabisa. Hapo ndipo kelele huanza, maana aliyekuwa anavuka tu kwenda shambani sasa anazunguka. Wengine hujengewa barabara ya pembeni, wengine hulipwa wakahama.

Vipimo ni kazi nyepesi: kila njia futi 12, bega la kulia (ukingo wa kusimama gari likiharibika) futi 10 za lami. Pale mji wa Martinsville waliifunga hiyo 37 karibu mwaka mzima wa 2021 wakaijenga upya. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kupenya kwenye mapipa ya rangi ya chungwa, yale ya kuonyesha ujenzi, miaka mitatu.