Walimu wapya, msiandike sifuri kwenye safu ya watoto wenye ulemavu

Wadogo zangu mlioanza kufundisha Septemba hii hapa Lubumbashi, nimepitia fomu zenu za takwimu, ST2, na nimeumia. Tangu shule ya msingi ya Serikali iwe ya bure mwaka 2019, makalasi yamejaa hadi watoto wanakaa wanne kwenye benchi moja. Lakini kwenye safu ya watoto wenye ulemavu mmeandika sifuri. Kalasi ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, mpaka ya sita. Haiwezekani, na walimu waliowatangulia waliandika hivyo hivyo.

1. Ulemavu si kigari na fimbo nyeupe tu. Mwenzenu mmoja, kijana mwenye bidii ambaye fishi zake za masomo, yaani maandalio, ni safi kuliko za wakubwa, alikuwa na msichana aliyerudia kalasi ya tatu. Akaniambia: "Yaya, mkubwa wangu, huyu ni mzito, haelewi." Nikamwomba niingie nikae nyuma. Ilikuwa imla. Mwalimu alisoma huku akizunguka kati ya benchi, na msichana akaandika kwa kuchungulia daftari la jirani. Jirani alipofunika daftari kwa mkono, kalamu ya msichana ikasimama. Kipindi kilipokwisha nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nilipopaza sauti ndipo akageuka, akanitazama mdomo.

Tukamwita mama yake. Alieleza kwamba mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, na tangu hapo ukimwita ukiwa jikoni hasikii. Hakusema siku ya kumwandikisha kwa sababu aliogopa wangemrudisha nyumbani. Wala hakuna aliyemuuliza. Sasa fikirini jambo hili, maana ndilo lililoniuma zaidi: kalasi ya kwanza na ya pili alipita, kwa sababu tulimfundisha kwa Kiswahili na maneno ya nyumbani alikuwa anayasoma kwenye midomo. Kifaransa kilipochukua nafasi kalasi ya tatu, midomo ikaanza kusema maneno ambayo hajawahi kuyaona. Siku hiyohiyo aliyofika pagumu zaidi ndiyo tuliyoandika kwenye buletini, ripoti yake ya alama, kwamba hana bidii. Alipoteza mwaka mzima. Kijana wetu alisoma humanités pédagogiques, sekondari ya ualimu, na saikolojia ya mtoto anaijua kwa kichwa, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi mtoto asiyesikia vizuri anavyoonekana darasani: anachelewa kusimama wenzake wakisimama, anacheka baada ya wengine kucheka, anajibu swali ambalo hukuuliza.

2. Mtoto asiyesikia vizuri mketisheni mbele, na msiongee mkiwa mmeugeukia ubao. Mvua ikipiga mabati, acheni kusoma, andikeni.

3. Mkimwuliza mzazi "mtoto ana ulemavu?" atasema hapana, na mngekuwa nyinyi mngesema hivyo hivyo. Ulizeni kazi ya mwili: anaona kwa shida? Anasikia kwa shida? Anatembea, anakumbuka, anaeleweka akiongea? Ni shida kidogo, kubwa, au hawezi kabisa? Mama atawaeleza mpaka mchoke kuandika. Na masikio yanayotoa usaha msiyaache yakauke yenyewe. Mtoto aende kituo cha afya wiki hiyohiyo.

4. Mnaniuliza kila mara: "Serikali italeta lini mwalimu wa kutusaidia?" Sheria tunazo. Nchi yetu, Kongo, ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, namba 22/003. Lakini nafasi ya mwalimu haitoki kwenye sheria moja kwa moja. Inapita kwenye hesabu ya fomu hizi, kisha kwenye orodha za malipo ya walimu, ambazo zamani zilikuwa za ofisi ya SECOPE na sasa ni za DINACOPE. Nyinyi wenyewe wengi ni NU, walimu wapya wasiolipwa bado, mnasubiri matrikuli, namba ya mwalimu wa Serikali, mnajua njia hiyo ilivyo ndefu. Sasa shule inayoandika sifuri itaomba mwalimu wa nani? Inspekta akitaka kututetea, atashika karatasi gani? Msaidizi pengine hatafika mwaka huu wala ujao. Akikosa hata kuombwa, hapo tumeshiriki kosa hilo.

5. Msikimbilie kumhamisha. Mtoto anayesikia nusu anaweza kubaki kwenu akisaidiwa. Yule asiyesikia kabisa anahitaji wenzake wanaoongea kwa ishara, na huko msimnyime. Shule nyingi za viziwi Afrika zilianzishwa na makanisa na mashirika. Mmarekani Andrew Foster, kiziwi mwenyewe, alifungua ya kwanza Ghana mwaka 1957, na kazi yake ikafika hadi kwetu. Alijua watoto wale wanafundishika kwa sababu yeye alifundishika. Nendeni mkatazame somo moja kwenye shule ya namna hiyo kabla hamjamwambia mzazi lolote.

Fomu bado ziko kwa direkta, mkuu wa shule, hazijapelekwa kwa Sous-Proved, mkuu wa elimu wa eneo letu. Mwombeni direkta mzirudie. Walimu wa kalasi ya sita muanze nyinyi: mtoto anayesikia au kuona kwa shida lazima direkta amtaje mapema kabla ya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ili siku ya mtihani akae karibu na msimamizi, si nyuma mlangoni.