Nenda Ukalione Bweni Saa Mbili Usiku

Ziara za kutembeza wanafunzi wapya chuoni kwa kawaida hufanyika mchana, wenyeji wa mabweni wakiwa madarasani. Mabafu yako wazi, korido ziko kimya, intaneti inakimbia. Fuata msafara huo mpaka mwisho, kisha omba ruhusa kwa msimamizi urudi usiku, kati ya saa moja na saa tatu, watu wakiwa wamerudi vyumbani. Hapo ndipo utakaposikia kelele zenyewe na kuona kama mtandao unafungua hata ukurasa mmoja. Ukikataliwa, zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili wanaoishi humo. Hao hawana cha kukuuzia.

Anza na maji, maana ndiyo yanayovuruga siku nzima. Jengo likitegemea tangi la juu ya paa, ghorofa ya juu kabisa ndiyo yenye msukumo mdogo, kwa sababu tangi na bomba vimekaribiana kwa kimo. Fungua bomba la kuogea huku mwenzako akivuta maji ya choo. Yakibaki kuchuruzika tu, fikiria hali itakavyokuwa watu kumi wakioga kwa pamoja. Kisha gawanya idadi ya watu wa ghorofa kwa mabafu yanayofanya kazi, na yale yaliyofungwa usiyahesabu. Watu 8 kwa bafu moja, kila mmoja dakika 10, ni dakika 80. Kipindi kikianza saa mbili asubuhi, wa kwanza hana budi kuingia saa kumi na mbili na nusu, ili wa mwisho abaki na dakika 10 za kujiandaa.

Umbali upime kwa miguu yako. Kilomita 1 kwa mwendo wa kawaida ni dakika 12 hivi, bila kuhesabu ngazi. Usipime hadi lango kuu. Pima hadi kumbi za kitivo chako na maktaba, na njia ya maktaba uipite gizani uone taa zinazowaka ni ngapi.

Ukiingia chumbani, inua pembe za godoro. Tazama mishono, viungo vya kitanda na matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni, na maganda membamba ya kahawia ni ngozi walizojivua. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, kwa hiyo chumba kilichofungwa likizo nzima hakijasalimika kwa sababu hiyo. Uliza dawa ilipulizwa mara ngapi. Mayai mengi hunusurika mara ya kwanza, na isiporudiwa baada ya wiki mbili hivi wanaanguliwa wapya.

Rangi mpya kwenye kona moja tu nayo itilie shaka. Sogeza kabati linalogusa ukuta wa nje, unuse. Harufu ya unyevu ni ya ukungu, na rangi haiuondoi.

Hesabu soketi, na uangalie kama zina alama za kuungua. Chumba cha watu wanne chenye soketi moja huzaa waya za kuunganishwa sakafuni. Waya wa ampia 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 vikichomekwa pamoja, waya unapata moto. Na kama mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo, liache bweni hilo hata kama mengine yote yamekupendeza.

Mkataba usome sehemu tatu kwanza: malipo ni ya miezi mingapi na kama likizo zimo, amana inarudishwa kwa masharti gani, na nini kinatokea mwenzako wa chumbani akihama. Wengi hupoteza amana kwa kulipishwa uharibifu waliourithi. Siku ya kuingia, kabla hujafungua begi, piga picha kitasa, vioo vya dirisha, godoro, meza na kila ufa, kisha uzitume kwa barua pepe ofisini siku hiyohiyo na uhifadhi nakala.