Namba 100 kwenye Google Trends ina maana gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa takwimu katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Naandaa ripoti fupi kuhusu jinsi watu walivyotafuta habari za korona mtandaoni. Nimefungua Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha kwa grafu jinsi neno linavyotafutwa, nikachagua Tanzania na kuandika "corona". Machi 2020 mstari umegonga 100, kisha ukashuka haraka. Nilipoandika "kushindwa kupumua" nikapata sifuri karibu wiki zote. Je, naweza kuandika kwamba ugonjwa ulikuwa juu kabisa Machi, na kwamba shida ya kupumua haikuwapo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiandike hivyo, yote mawili, na nafurahi umeuliza kabla ripoti haijafika wilayani.

Hiyo 100 si idadi ya watu. Google huchukua sampuli ya utafutaji, huangalia neno lako limechukua sehemu gani ya utafutaji wote wa mahali hapo kwa wakati huo, kisha sehemu iliyo kubwa kuliko zote huipa 100. Wiki nyingine zinapimwa kwa hiyo. Chukua mfano wa kubuni: wiki moja umefanyika utafutaji milioni 1, na 20,000 kati yake ni wa corona. Hiyo ni asilimia 2, inapewa 100. Baadaye utafutaji wote unafika milioni 2, wa corona ukabaki 20,000 vilevile. Sasa ni asilimia 1, na grafu inasoma 50. Walioulizia ni walewale kwa idadi, lakini mstari umeanguka nusu.

Sifuri nayo ina maana kwamba waliotafuta maneno hayo ni wachache mno kuonyeshwa. Kwetu wengi walipata habari za ugonjwa kwa redio, kwa WhatsApp na kwa jirani. Na mtu aliyebanwa pumzi saa nane usiku hakai kuandika kwenye simu. Ndugu zake wanahangaika kutafuta gari.

Sasa tazama tarehe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga Machi 11, 2020. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, na kesho yake shule zikafungwa. Wakati huo wagonjwa waliojulikana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, lakini nchi nzima ilikuwa inauliza: hiki ni kitu gani, kinaambukizaje, nimlindeje mama yangu? Kilele chako kimepima mshtuko wa habari. Naelewa kishawishi chako, kwa sababu takwimu za taifa zilisimama karibu na mwanzo wa Mei 2020 zikiwa na wagonjwa 509, na mtu wa takwimu akikosa namba hushika chochote kilicho karibu. Ndiyo maana nakusihi usiishike hii.

Google wenyewe walishajaribu. Mwaka 2008 walianzisha Google Flu Trends, iliyokadiria wagonjwa wa mafua makali Marekani kutokana na maneno yanayotafutwa. Mwaka 2009 mafua ya nguruwe yalipoanza, makadirio yakawa chini ya hali halisi. Msimu wa 2012/2013 yakapanda hadi karibu mara mbili ya takwimu za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na huenda habari za mafua zilizojaa kwenye vyombo vya habari ziliwafanya hata wazima watafute. Huduma ikafungwa 2015. Ikiwa nchi yenye data nyingi kiasi hicho ilipotoshwa, sisi tuwe waangalifu zaidi.

Jambo linaloniuma zaidi ni maneno. Watafiti wengi huchukua neno moja la Kiingereza na kudhani wameisikia Tanzania. Watu wetu waliandika corona, korona, covid, na baadaye UVIKO. Walioandika kuhusu dalili walisema kubanwa kifua, nimonia, changamoto ya upumuaji. Waliotaka tiba waliulizia nyungu, kujifukiza, tangawizi na malimau. Google Trends haikusanyi tahajia hizi yenyewe. Ziunganishe kwa alama ya kujumlisha, hivi: corona + korona + covid + uviko. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Kisha pakua data ileile kwa siku tatu au nne tofauti, maana sampuli hubadilika, na kwa maneno yenye utafutaji mdogo utaona namba zikiyumba sana.

Hapo ndipo grafu inapokuwa na faida ya kweli. Ukiona nyungu inapanda, hujapata idadi ya wagonjwa, lakini umejua wiki hiyo watu wanajifukiza, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kwenda kuwaeleza kwamba mvuke hauui kirusi na maji ya moto yanaunguza watoto. Laiti tungelifanya hivyo mapema.

Kuhusu wagonjwa, rudi kwenye vitabu vyako vya MTUHA, yaani rejista za kituo za mfumo wa taarifa za huduma za afya. Hesabu waliokuja na nimonia na magonjwa mengine ya njia ya hewa kila mwezi, 2018 hadi 2021, uweke pembeni ya grafu. Kumbuka kwamba wengine waliogopa kuja kituoni, kwa hiyo hata vitabu vina pengo. Sentensi yako inaweza kusomeka hivi: "Shauku ya kutafuta habari za korona ilikuwa juu kabisa Machi 2020, wakati mgonjwa wa kwanza alipotangazwa, mwenendo wa wagonjwa umetolewa kwenye rejista za kituo, jedwali la 2."