Mvua ya kwanza isikute shamba tupu

Kwetu Mwanza, anayepanda mapema hupata mahindi ya kijani kibichi, na jirani yake aliyechelewa wiki tatu anapata ya manjano. Watu husema ana mkono mzuri. Mimi nasema chimba uone.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba hukausha udongo, vijidudu vingi vikafa. Mvua ya kwanza ikinyesha, vilivyobaki huamka na njaa: vinakula vilivyokufa, vinakula na mboji iliyofichika ndani ya madonge, maana maji yanayapasua. Vikila vinapumua, na ardhi inatoa hewa ya ukaa kwa fujo kwa siku chache, halafu inatulia. H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na wanasayansi hadi leo wanaliita kwa jina lake. Kwa mkulima, habari yenyewe ni kwamba hewa hiyo haitoki peke yake: naitrojeni, chakula kinachoyapa mahindi ule ukijani, nayo inafunguka. Ni mbolea ya bure, ila haikai. Pasipo mzizi wa kuinywa, mvua za Novemba zinaizamisha chini, hasa kwenye luseni, kichanga chetu cha miinukoni.

Kwa hiyo matuta yangu huwa tayari mapema, na mbegu inaingia na mvua ya kwanza ya maana. Vuli ikikata? Hukata kweli, ndiyo maana sehemu naweka mtama.

Mabua usichome. Mmea ukiwa unakua, mizizi inapumua na kuvilisha vijidudu sukari, kwa hiyo ardhi inatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko wakati wa kiangazi. Hapo hakuna hasara. Majani yanaivuta tena. Hasara ni kuvuna kila kitu na kuchoma kilichobaki, udongo ukaendelea kula akiba yake mwenyewe. Ng'ombe wa watu watakuja, hilo halikwepeki Usukumani; ongea na mwenyewe kabla ya mavuno, alishe upande mmoja, akulipe samadi. Mchwa nao watakula mabua. Waache, matundu yao yanapitisha maji.

Januari mvua ikipumzika kisha ikarudi, kishindo kile cha vijidudu kuamka na kula kinajirudia, kidogo kuliko cha mwanzo. Kipindi hicho palizi yangu ni ya kukwangua juu juu. Jembe halizami, na magugu nayalaza katikati ya matuta.