Mbona kila zoezi la kutuliza akili linanipa hali tofauti?

SWALI: Habari mtaalamu. Nikifanya lile zoezi la kukaza na kuachia misuli naishia mwili mzito na usingizi. Nikikaa kufuata pumzi ndo kwanza mawazo yanazidi. Nikijaribu ile meditesheni ya kutazama tu chochote kinachokuja, moyo unaanza kwenda mbio. Nakosea wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wala hujakosea, hayo mazoezi hayafanyi kazi moja na uliyoyapata ni ya kawaida kabisa.

La misuli lilianzishwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, miaka ya 1920, na lenyewe linapitia mwilini. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde kama 5 hivi, halafu achia ghafla usikilizie mkono: unakuwa mzito, vidole vinalegea vyenyewe, na wengine wanasikia kajoto kanatambaa mpaka kwenye ncha. Unaanza na kukaza ili uujue mkazo ukoje, maana wengi wetu tunashinda mabega yamepanda juu kutwa nzima na hatuna habari. Usingizi ukija hapo ni sawa tu, kama ni usiku mwache mwili ulale.

Kwenye pumzi kazi ni ya umakini. Mawazo yalikuwepo tangu zamani, sema sasa umekaa kimya ukayasikia, na kila ukishtukia kwamba umepotea ukarudi kwenye pumzi, hilo ndo zoezi lenyewe, hata ukirudi mara mia. Usilipime kwa utulivu uliopata siku hiyo.

Hili la tatu ndo naomba uwe nalo makini. Hapo umakini haujaegemea popote, kwa hiyo kitu chenye kelele kuliko vyote ndani yako kinachukua nafasi, kwako wewe ni mapigo ya moyo, unayasikia, unaogopa, na hofu inayaongezea kasi, unazidi kuogopa. Tena kuna watu ambao kule kulegea kwenyewe ndo kunawaletea wasiwasi, hasa mtu aliyezoea kuishi kwa tahadhari muda mrefu, akishusha ulinzi anajihisi hayuko salama, na hili tunaliona sana.

Kwa sasa liache kwanza. Rudi kwenye pumzi, ila fumbua macho, kanyaga sakafu miguu yote miwili, sikiliza sauti za nje, dakika 3 zinatosha. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta, ukifika kama pumzi 6 kwa dakika ni vizuri sana kwa sababu moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi. Usijilazimishe, kizunguzungu kikija pumua kawaida. Ukishazoea ndo uanze kuachia umakini kidogo kidogo, dakika moja moja mwishoni.

Ila kama zinakurudia kumbukumbu za tukio baya, au unajihisi kama uko nje ya mwili wako, simama hapohapo na umwone mwanasaikolojia. Na kama moyo unakwenda mbio hata siku ambazo hujafanya zoezi lolote, nenda kwa daktari akupime.