Vibao vyako vikianza kufanana, fungua kitabu cha picha

Ukiona kazi zako za karibuni zimeanza kufanana, usikimbilie duka la rangi. Mimi huchora vibao na kuta hapa Kisumu: vinyozi, saluni, vibanda vya samaki, na mara kwa mara mashua kule Dunga. Kazi hii ina ugonjwa wake. Mkono huzoea ngege (samaki aina ya tilapia) mmoja na herufi za aina moja zenye kivuli chekundu, kisha huvirudia hata pale mwenye duka ameomba kitu cha pekee. Mteja analipa na kushukuru, nawe unaondoka bila furaha yoyote.

Hapo wengi wetu hutoa simu. Sikatazi, ila simu hufuata ulichotazama jana, na haupiti muda unajikuta umezungukwa na kazi za watu wanaochora vile unavyochora wewe. Kitabu hakikujui. Ulikuwa unatafuta samaki, ukurasa unaofuata unakuletea zulia la Uajemi au kinyago cha Kongo. Hukuviomba, na pengine ndivyo ulivyovihitaji.

Si lazima uwe na pesa nyingi. Pitia kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, ukiulizia hasa vile vya Kijerumani au Kijapani. Wasomaji huviacha kwa sababu ya lugha, lakini picha haihitaji mkalimani. Katika maktaba ya umma omba uonyeshwe rafu ya sanaa, keti nayo asubuhi nzima, na uwe na penseli na daftari. Bila penseli utafurahia tu, kisha utasahau.

Acha nieleze kwa picha moja ninayoirudia sana, wimbi kubwa la Hokusai, Mjapani aliyefariki mwaka 1849. Aliichora mnamo 1831. Ilichapishwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kwa rangi chache, na buluu yake ni ile iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Kila mtu huona wimbi. Mchoraji anapaswa kujiuliza: aliamua nini? Picha hii ni moja katika mfululizo unaohusu mlima Fuji, na bado mlima wenyewe ameuweka mbali, mdogo, chini ya povu. Mashua tatu zimezama nusu katika mikunjo ya maji, wapiga makasia wamejiinamia. Kitu kikuu amekifanya kidogo kuliko vyote, na ndiyo maana jicho haliachi kukitafuta.

Uamuzi huo nikauhamishia Dunga. Mwenye kibanda alitaka samaki mkubwa ukutani. Badala ya kumlaza ngege mzima katikati, nilimchora akiingia kutoka ukingoni, kichwa na pezi moja tu, mwili wote ukiwa nje ya ukuta. Hakuna hata mstari mmoja wa Hokusai pale, na hakuna wimbi. Kilichotoka kitabuni ni ujasiri wa kutoonyesha kila kitu.

Hapa ndipo swali la kunakili huzuka, na msimamo wangu ni huu: kwenye daftari nakili kadiri unavyoweza, kwenye ukuta wa mteja usinakili kabisa. Hokusai mwenyewe alianza mwaka 1814 kutoa vitabu vya michoro ili wanafunzi wajifunze kutoka kwavyo: watu wakioga, wabeba mizigo, samaki, upepo. Vilifika 15. Mwaka 1887, akiwa Paris, mchoraji Mholanzi Van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige, Mjapani mwingine, akazizungushia herufi za Kijapani pembeni. Wakubwa hawakuona haya kujifunza hivyo. Mimi huongeza hatua moja: nikishanakili, nafunga kitabu na kuchora tena kwa kumbukumbu. Kinachobaki akilini ndicho kilichonigusa, na mara nyingi kinakuwa kimekwisha kubadilika na kuwa changu.

Usibaki kwenye fani yako. Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, ni jirani yetu wa karibu, alichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli hadi alipofariki mwaka 1972, na kila mchora vibao atamwelewa mara moja. Lakini aliyenifunza zaidi kuhusu herufi ni mfinyanzi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hadi ving'ae, kisha huvichoma. Udongo uleule ukipata hewa tanuruni hutoka mwekundu, ukinyimwa hewa hutoka mweusi. Tazama picha zake ukifuata ukingo peke yake: tumbo linavyopanda, shingo inavyobana, mdomo unavyofunguka. Halafu chora herufi S. Utaona tumbo la chini linahitaji uzito na shingo inahitaji kupumua. Tena vyungu vya Waluo viko hapahapa sokoni; ukitoka kwenye kitabu utaviangalia kwa macho mengine.

Kuna jambo ambalo vitabu vya sanaa huficha, na wachoraji wa kuta ndio huumia nalo: ukubwa. Kitabuni, kitu cha kiganja na ukuta wa kanisa hulingana. Soma vipimo vilivyoandikwa chini ya picha. Lile wimbi, ambalo wengi hudhani ni kubwa mno, ni takriban sentimita 25 kwa 37. Rangi nazo usiziamini, hasa kwenye kitabu kilichokaa juani. Amini umbo na mpangilio.

Kwa hiyo wazo likishakaa daftarini, pima ukuta kwanza, gawa mchoro wako kwa miraba na uuhamishe kwa chaki. Kabla hujafungua mkebe wa rangi, vuka barabara, simama pale abiria wa bodaboda watakapopita, utazame. Kama kutoka pale abiria hawezi kujua kinachouzwa ni samaki, futa chaki upange upya.